Theluji Niliyoibiwa

Meneja wetu alipoinua ile ovaroli ya kitoto juu ya kichwa chake na kuitingisha mbele ya wafanyakazi wote, kama mtu anayeuza mitumba siku ya mnada, mimi nilikuwa nimeshika trei ya vikombe. Niliiweka chini. Sikuitupa, kama walivyokwenda kusimulia baadaye. Niliiweka taratibu kabisa, maana nilijua nikianza kuvunja vyombo, kosa litahama kutoka kwake lije kwangu.

Ulikuwa mkutano wa asubuhi kwenye ukumbi wa chakula wa loji, wageni bado wamelala. Madam, ndivyo tunavyomwita meneja, alikuwa amerudi juzi kutoka Norwei. Badala ya kutugawia vyumba vya kusafisha alituwashia picha zake kwenye televisheni kubwa, akasema leo anatufundisha kwa nini nchi ya theluji ni mahali pazuri kuliko pote kwa likizo ya msimu wa baridi, ili wageni wa huko wakija tujue la kuzungumza nao. Tukaonyeshwa Madam na miti mieupe. Tukaonyeshwa Madam amesimama juu ya zile mbao ndefu za kutelezea, mikono kiunoni. Halafu akachomoa kwenye begi ovaroli nene ya buluu, ya kumtosha mtoto wa miaka mitatu hivi, akasema huko hata watoto wachanga hucheza nje wakivalishwa hivi. Hii alipewa tu, hajui hata ni ya nani. Anafikiri aikate, ashonee vifuniko vya zile chupa za mpira za maji moto tunazoweka vitandani mwa wageni.

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia zipu. Palikuwa na kipande cha kitenge kimefungwa fundo, kitenge cha njano chenye ndege weusi. Nusu nyingine ya kitenge hicho ilikuwa kichwani kwangu wakati huohuo, nimejifunga.

"Shusha hiyo nguo, Madam," nikasema. "Ni ya mwanangu."

Akanitazama akitabasamu. "Wewe naye. Mwanao amefika lini Norwei?"

"Hajafika. Ndicho ninachotaka unieleze, hapahapa, watu wakisikia."

Alisema mkutano umekwisha, kila mtu aende kazini. Nikaenda mbele nikashika mikono ya ile ovaroli, yeye akashika miguu, tukawa tunavutana kama mbwa wawili na ngozi ya mbuzi. Mama wa jikoni akasema kwa upole, "Mtaichana, jamani." Madam akaiachia. Nikaitia kwapani, nikatoka na sare yangu ya kazi, nikateremka kwa miguu hadi Karatu mjini. Magari ya watalii yalikuwa yanapanda kuelekea geti la Ngorongoro na kunifunika vumbi jekundu. Sikuifunika sura. Nilitaka vumbi linikute hivyohivyo.

Sasa niseme theluji ile ilikuwa ya nani.

Mwezi wa saba, huku kwetu juu, ni baridi ya kweli. Ukungu unashuka kutoka ukingo wa kreta, unakaa kwenye kahawa na mahindi hadi saa nne, na wageni waliokuja Afrika na kaptula hulala na makoti. Kazi yangu, pamoja na kutandika, ni kupita jioni na zile chupa za maji moto. Familia moja wakazikataa. Walikuwa mama, baba na binti mdogo, watu wa Norwei. Mama yule akanirudishia chupa mlangoni, akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba wanaona joto. Binti yao alikuwa anakimbia peku kwenye umande. Mimi nimevaa masweta mawili, nikamuuliza kama hawaogopi mtoto atapata kichomi. Akacheka hadi akakaa kwenye ngazi.

Hapo ndipo tulipoanza. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, cha kukwaruza, lakini kinafika. Siku ya pili mama mkwe wangu alikuwa amekwenda msibani Endabash, sikuwa na wa kumwachia mwanangu, nikamficha kwenye stoo ya mashuka. Binti yule akamgundua. Kabla sijafika, walikuwa wameshazipindua shuka zote, wanatelezea juu yake sakafuni. Mama mzungu hakunishitaki. Alikaa nami pale stoo, tukawa tunakunja shuka pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, tukiongea habari za kuzaa.

Nikamweleza mila yetu. Kwamba kwetu, tangu zamani, mama akijifungua hukaa ndani na mtoto, hatoki ovyo, havuki mto, hakanyagi shamba la jirani, mpaka siku atakayotolewa. Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe nilikaa, kwa kuwa mama mkwe alitaka, na kwamba aliponitoa alininyoa, akanikogesha, akanishika mkono hadi nje na kibuyu cha maziwa. Jua la siku hiyo lilinichoma macho kama moshi. Naye akanieleza ya kwao, nikadhani ananitania. Kwao mtoto mchanga hulazwa nje. Ndani ya kigari chake, amefungwa sufu hadi puani, anaachwa alale mchana kwenye baridi, na theluji inaweza kuwa inaanguka. Wanasema hulala vizuri zaidi na mapafu yanakuwa imara. Tukatazamana, mimi niliyefungiwa ndani na wangu, yeye aliyemweka wake nje, tukaangua kicheko kimoja.

Akanisimulia theluji, na hapa nataka kueleza mwenyewe, kwa sababu Madam alikaa kule wiki nzima akarudi na habari za picha tu.

Ukiwa mtu wa Dar, ukisikia nchi ya barafu unaona adhabu. Sisi watu wa milimani hatuoni hivyo. Tunajua kwamba joto hutawanya watu na baridi hukusanya. Mama yule alisema wana nyumba ndogo ya mbao mlimani, ya bibi yake. Kule mwezi wa pili jua linapanda kidogo tu, halafu linarudi kulala mapema, na ukiwa hulijui jambo hilo utadhani siku imeharibika. Lakini siku ikiwa fupi kila mtu anaitumia. Asubuhi wanatoka wote, wazee kwa watoto, wanapanda kilima na vibao vya kutelezea, wanateremka, wanapanda tena. Hakuna mtu mzima anayesimama pembeni na pochi. Theluji mpya haina kelele, alisema. Inanyonya sauti. Unasikia pumzi yako na mtoto wako akicheka, basi. Mimi ninayeamshwa na jenereta, na kulala na mbwa wa jirani, nilimwomba alirudie hilo.

Halafu wakichoka wanaingia ndani. Na ndani, alisema, ndiyo likizo yenyewe. Moto wa kuni, soksi zinaning'inia, mishumaa dirishani, na maandazi ya kwao yanayotiwa iliki. Iliki, nikamuuliza, ileile ya kwenye chai? Ileile. Sijui ilifikaje kule, lakini niliposikia iliki nikaiona nyumba nzima. Unakula, mashavu yanawaka, mtoto analala kabla hujamvua nguo, na hakuna mtu anayekwambia ufanye kitu, maana nje ni giza na theluji imeziba njia. Nani hataki likizo ya namna hiyo? Nchi yenyewe inakukataza kufanya kazi.

Mimi tangu nianze kazi loji sijawahi kupumzika Krismasi wala mwaka mpya. Wao wakija kukimbia baridi yao, sisi ndio tunaotandika. Nadhani mama yule aliliona hilo, kwa sababu siku ya kuondoka alimwita mume wake, wakasema mbele yangu: njoo wewe na mwanao, mwezi wa pili, tiketi juu yetu. Nyumba ya bibi itauzwa baada ya hapo, hii ndiyo mara ya mwisho, na binti yao amekwisha kusema kwamba atamfundisha mwanangu kuteleza. Nilicheka, nikajua ni maneno ya mgeni anayefunga begi. Akaniuliza mtoto ana urefu gani, ili amtafutie nguo ya theluji. Hapakuwa na futi. Nikachana kitenge changu cha kichwani, nikampima mwanangu kutoka begani hadi kisigino, nikakata. Akakikunja kile kipande na kukitia kwenye pochi ya pasipoti zao. Hapo nikaamini.

Loji yetu ina sheria: mfanyakazi hampi mgeni namba yake ya simu. Mawasiliano yote ni ya ofisini. Kwa hiyo kila kitu kilipita kwa Madam. Alinipongeza sana, kwa kweli. Akaniambia nishughulikie pasipoti, nikaenda Arusha, nikapata ya kwangu na ya mtoto. Nikawatangazia watu. Kanisani Kansay, kwa mama mkwe wangu, wazee wakanipa salamu nipeleke, maana wanakumbuka wamisionari waliotoka hukohuko wakiwa wao wadogo. Mama mkwe aliuliza kama kule wana ng'ombe. Nilipomweleza nyumba ya mbao iliyofunikwa theluji hadi dirishani, yeye aliyezaliwa katika nyumba ya zamani iliyochimbwa kwenye ubavu wa kilima, watu na mifugo pamoja wakipeana joto, alisema, "Ni kama sisi tu. Kasoro ng'ombe."

Kila wiki nikipita ofisini Madam alisema bado hawajajibu. Kisha akasema wazungu ndivyo walivyo, huahidi wakiwa likizo. Kisha, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, akasema anasafiri kidogo kikazi.

Nirudi sasa kwenye siku ya ovaroli. Nilifika stendi, nikamtafuta dereva wa watalii aliyewazungusha familia ile kreta. Madereva hawafungwi na sheria za loji, wana namba za dunia nzima. Nilimkuta anaosha gari. Nikamwonyesha nguo, sikuhitaji kusema mengi. Akapiga kwa WhatsApp palepale, akanipa simu huku mikono yake inadondosha povu.

Mama yule aliponiona kwenye kioo alifunika mdomo. Kwanza akaniomba radhi. Mimi nimeibiwa, yeye ananiomba radhi! Akasema hakutaka kunisumbua kipindi hiki, anaheshimu sana mila zetu. Nikamuuliza mila gani. Akaeleza: ofisi ya loji ilimwandikia kwamba siwezi kusafiri kwa kuwa kwa kabila langu mama mwenye mtoto mdogo haruhusiwi kutoka nyumbani wala kuvuka maji, wakuu wa ukoo wamenizuia, na nitaona aibu sana nikiulizwa. Lakini meneja mwenyewe yuko tayari kuja kwa niaba yangu. Naye aliamini mara moja, kwani habari ya kukaa ndani alikuwa ameisikia kwa mdomo wangu, tukikunja shuka. Mgeni yeyote mwingine angeuliza swali la pili. Huyu, kwa adabu yake, hakuuliza.

Mwanangu alikuwa anakimbia peke yake kwenda dukani wakati huo. Nilikwisha kutolewa nje zamani, nimevuka mito yote ya wilaya hii.

Nikamuuliza mama yule, je, Madam alikuwaje kule? Alisita, watu wa kwao hawasemi vibaya, lakini binti akachungulia kwenye simu akasema ukweli. Yule mgeni wao, Madam, hakutoka nje. Alikaa amekumbatia jiko, amevaa makoti yote ya nyumba, anauliza kama hakuna mchele. Zile mbao alizipanda mara moja, mlangoni, akapigwa picha, akashuka. Maandazi ya iliki hakuyataka. Na mwisho walimpa ovaroli, waliyoifunga kipande changu ili nijue imetoka kwao, wakamwomba anifikishie.

Nyumba ya bibi imeuzwa. Mama yake binti aliniambia hilo akiwa analia, na mimi sikulia. Dereva alisema, "Dada, kaa kwanza," nikamwambia sikai.

Usiku ule nilimvalisha mwanangu. Yule mama alikuwa ameacha nafasi ya kukua, akakadiria vema. Ilimkaa barabara, begani hadi kisigino. Akakataa kuvuliwa, akalala nayo, jasho linamtoka, na mimi nimekaa kitandani namtazama nikipanga maovu.

Nilipanga mengi, sitaficha. Mimi ndiye ninayetandika kitanda cha Madam akilala loji. Najua upupu unaota wapi njia ya Kansay, na najua shuka ikikunjwa vipi hakionekani kitu. Nilifikiria chupa ya maji moto yenye kifuniko kilicholegea. Nilifikiria kumwendea mume wake na mambo ninayoyajua, maana anayekusanya taka za chumba anayajua mengi. Mume wangu, mtu mpole, fundi wa pikipiki, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema tuombe kwanza. Nikamwambia aombe yeye, mimi nitafuata nikimaliza.

Aliyenigeuza ni mama mkwe, na si kwa upole. Asubuhi nilikwenda Kansay nikamweleza kila kitu. Alikuwa anapukuchua mahindi. Pale penye kutaja mila, mikono ikasimama.

"Amesema nani amekuzuia?"

"Wakuu wa ukoo."

"Mimi ndiye niliyekutoa," akasema. "Kwa mkono huu. Yule mwanamke amenirudisha mimi nikakufungie tena ndani, mbele ya wazungu?"

Nikamwambia habari ya upupu. Akanitazama kama mtu aliyeletewa maziwa yaliyoganda vibaya. Akasema upupu huwasha siku moja na huoshwa. Kwamba nikimwasha, watu watazungumza kuwashwa kwake, wataacha kuzungumza uongo wake. "Muweke nje," akasema. "Yeye kakuweka ndani, wewe muweke nje, kila mtu amwone. Kamwandike." Akafunga mahindi yake, akavaa viatu vya kanisani, akasema tunakwenda wote.

Mchungaji tulikutana naye njiani, akasikia, akanikumbusha kusamehe. Nikamjibu kwa heshima kwamba msamaha upo, ila uko nyuma kwenye foleni.

Barua niliiandika kwa mkono, kwenye benchi la duka la fotokopi Karatu mjini, mama mkwe ananisimamia. Hajui kusoma lakini kila nilipomaliza sentensi alitaka niisome kwa sauti, na mara mbili alinifutisha neno "inawezekana". Mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyezoea kuandikia watu barua za mashamba, aliinua macho kwenye mashine yake akasema barua ya namna hii haihitaji mapambo. Nikaondoa mapambo. Nakala moja tulimpelekea mwenye loji, nyingine ofisi ya mtendaji wa kata, kwa sababu mama mkwe alisema uongo juu ya loji ni wa mwenye loji, lakini uongo juu ya mila ni wa watu wote. Karani alitaka kuipokea aiweke tu mezani. Sikuondoka mpaka alipogonga muhuri kwenye nakala yangu. Hii hapa, kama ilivyopokelewa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MENEJA WA LOJI KWA KUNISINGIZIA MILA NA KUCHUKUA SAFARI YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyakazi wa usafi wa vyumba katika loji tajwa. Nilialikwa na wageni wa Norwei, mimi na mwanangu, kwenda likizo ya theluji mwezi wa pili. Meneja alipokea mwaliko wangu kwa kuwa sheria ya loji inanikataza kuwapa wageni namba yangu ya simu. Aliniambia hawajajibu. Wao aliwaambia nimefungiwa ndani kwa mila. Kisha akaenda yeye.

Nalalamika kwamba mila hiyo ipo, na ina mwanzo na mwisho wake, na mwisho wake kwangu ulishafika. Aliyenitoa nje ni mama mkwe wangu, ambaye ameleta barua hii pamoja nami na yuko tayari kuulizwa. Hakuna aliyenizuia kuvuka maji isipokuwa meneja.

Nalalamika pia kwamba alipewa nguo ya mwanangu aifikishe, akataka kuikata.

Siombi fidia ya safari kwa sababu nyumba niliyoalikwa imeuzwa na mwaliko ule haurudi. Naomba meneja asimame kwenye mkutano wa asubuhi, mbele ya wafanyakazi walewale aliowaonyesha picha, aseme kwa mdomo wake alivyoipata safari hiyo. Naomba awapigie wageni wale, nikiwa nimekaa karibu, awaambie vivyo hivyo. Naomba sheria ya namba za simu ifutwe. Na naomba nipewe likizo yangu yote msimu wa wageni, mwezi wa pili, kama alivyojipa yeye. Nitakaa nyumbani na mwanangu, sitatandika kitanda cha mtu.

Meneja akikana, ushahidi ni kipande cha kitenge cha njano chenye ndege weusi, kilichofungwa zipuni bila yeye kukiona. Sikukiambatanisha hapa, kwa kuwa vitu vyangu vikipita ofisini havifiki. Anayetaka kukiona aje nyumbani. Kitambaa kipo, nguo ipo, na mtoto yupo. Apimwe.